Makala ya Utafiti na Uwasilishaji Hadharani kwa Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi wenyewe wamekuwa wakiniuliza kila msimu wa kazi za utafiti unapoanza. Majibu ni ya mwalimu msimamizi, wala si mwongozo wa Wizara. Mahali ambapo shule yako ina kanuni zake, kanuni hizo ndizo za kufuatwa. Nimeandika nikiwafikiria zaidi walimu wa Tanzania bara, lakini mengi yaliyomo yanaweza kumfaa pia mwalimu wa Kenya au Zanzibar mwenye wanafunzi wanaokaribia kumaliza sekondari.

Kwa nini mwanafunzi afanye utafiti ilhali ana mtihani wa taifa mbele yake?

Kwa sababu mtihani humpima katika maswali ambayo tayari yana majibu, na utafiti humfundisha kuishi na swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Mfano ulio bora kuliko yote tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliweka mchanganyiko wake wa maziwa na sukari kwenye friza ungali wa moto, kisha akaona umeganda mapema kuliko ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Miaka michache baadaye, akiwa katika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake darasani wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi chuoni alilifanyia majaribio jambo hilo, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanafizikia hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ninaisimulia habari hii kwa walimu zaidi kuliko kwa wanafunzi. Katika habari hiyo kuna walimu wawili, na kila msimamizi atakuwa mmoja wao siku mwanafunzi atakapomletea swali linaloonekana la ajabu.

Kazi ianze lini ili isigongane na mitihani?

Kidato cha tano huanza Julai na kidato cha sita hufanya mtihani wa mwisho Mei, kwa hiyo muda wote ni chini ya miaka miwili, na miezi ya mwisho yote ni ya marudio na mitihani ya majaribio. Kwa uzoefu wangu, mwanafunzi achague mada na kuandika pendekezo lake kati ya Januari na Aprili akiwa kidato cha tano, akusanye data katika likizo ya katikati ya mwaka anapokuwa nyumbani, aandike kati ya Julai na Septemba, na awasilishe Oktoba. Ratiba inayosukuma uwasilishaji hadi Februari ya kidato cha sita huishia pabaya, kwa kuwa wakati huo mwanafunzi hana nafasi moyoni ya jambo lolote lisilo mtihani, na hakuna wa kumlaumu.

Likizo ina faida nyingine ambayo ratiba haiionyeshi. Mwanafunzi wa bweni anaporudi kwao anakuwa miongoni mwa watu wanaomfahamu, katika mazingira anayoyajua, na mara nyingi hapo ndipo swali lake lilipo.

Mwanafunzi amekuja na mada pana mno. Nimsaidieje bila kumchagulia mada?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, kwa kuwa makala nyingi zinazoshindikana huwa zimeshindikana katika juma la kwanza. Mwanafunzi huleta kichwa kama «Uchafuzi wa mazingira nchini Tanzania» au «Athari za utandawazi kwa vijana», na mwalimu kwa huruma humwambia aendelee. Mada ya namna hiyo haina mlango wa kuingilia. Atakachoweza kufanya ni kunakili yale ambayo wengine wameshayasema, na kosa halitakuwa lake.

Siku moja mwanafunzi wa tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) aliniletea mada hiyo ya uchafuzi wa mazingira. Sikumwambia kwamba ni pana. Nilimwuliza ni kitu gani alichokiona kwa macho yake kilichomfanya aifikirie. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika soko la karibu na kwao wauza mboga bado wanafungia bidhaa katika vifuko vyepesi vya plastiki, wakati mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Nikamwuliza kama ni wote. Hakujua. Nikamwuliza kwa nini wanafanya hivyo. Hilo pia hakulijua, ila alikuwa na fununu kwamba ni bei. Wakati huo tayari alikuwa na swali, na lilikuwa lake: wauza mboga wa soko lile hutumia vifungashio gani kwa sasa, na wao wenyewe hutoa sababu zipi? Swali hilo linahesabika, linajibika ndani ya likizo moja, linamhusu mtu anayeweza kufikiwa kwa miguu, na hakuna kitabu chenye jibu lake.

Kwa hiyo msimamizi aulize: umeona nini, wapi, lini, kwa nani, na utalipima au kulisikia vipi? Mwisho aulize swali moja zaidi ambalo wanafunzi wengi hawajawahi kuulizwa, nalo ni hili: utajuaje kama umekosea? Mwanafunzi aliyeshika kwamba sababu ni bei aweze kueleza ni majibu ya aina gani kutoka kwa wauzaji yatakayomlazimu kuiacha fununu yake. Akishindwa kueleza, anachotaka kufanya ni kuthibitisha anachokiamini, na inafaa mzungumze tena kabla hajatunga dodoso.

Je, ni lazima mada iwe ya sayansi?

La. Maonesho yanayojulikana zaidi ni ya sayansi, kama yale ya Young Scientists Tanzania, ambayo ilianza mwaka 2011, na ya Kenya Science and Engineering Fair, ambayo hupanda ngazi kwa ngazi kutoka kaunti ndogo hadi taifa, na kwa sababu hiyo walimu wa masomo ya sanaa hudhani kwamba kazi hizi si zao. Mnamo miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, wakaandika waliyoyasikia, na ushuhuda ule leo usingeweza kupatikana kwa njia nyingine yoyote kwa kuwa wazee wale wameshafariki. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kufanya kazi ya aina hiyo kwa kiwango chake: historia ya shule yake mwenyewe, asili ya majina ya mitaa ya mji wake, msamiati wa wavuvi wa pwani ambao haujaingia katika kamusi, au namna nyimbo za harusi zilivyobadilika kati ya bibi na mjukuu. Ningependa kuona kazi nyingi zaidi za namna hii. Wazee hawatusubiri.

Shule yetu haina maktaba kubwa wala intaneti ya kutegemewa. Machapisho atayapata wapi?

Asihitaji mengi. Kwa makala ya kiwango hiki, machapisho matano hadi manane yaliyosomwa kwa kina yanatosha, na ni bora kuliko ishirini yaliyotajwa bila kusomwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchapisha bure matokeo ya sensa na tafiti zake, ikiwemo Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120. Majarida kadhaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yakiwemo yale ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, husomeka mtandaoni. Maktaba za mikoa zipo, na kwa mada za historia kuna nyaraka za taifa Dar es Salaam na za Zanzibar. Mahali ambapo mtandao ni wa shida, mwalimu mmoja anaweza kwenda mjini na orodha ya wanafunzi wote, akapakua makala zote kwa siku moja na kuzileta katika flashi.

Mfundishe pia kwamba ofisi ya kata, zahanati na ofisi ya shule yenyewe huwa na kumbukumbu zilizoandikwa, na kwamba kuzisoma kwa ruhusa ni kazi halali ya utafiti.

Ahoji watu wangapi?

Hakuna idadi moja inayofaa kila swali. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa undani namna wazee wanavyolikumbuka tukio fulani anaweza kuzungumza na watu sita kwa saa nzima kila mmoja na akapata kazi nzuri. Anayetaka kusema «wengi» au «wachache» anahitaji watu zaidi, na anahitaji kueleza amewapataje, kwa sababu kuwauliza rafiki zake 40 hakumpi haki ya kuzungumza kwa niaba ya wilaya.

Makosa mawili hujirudia kila mwaka. La kwanza ni asilimia zinazotokana na idadi ndogo: asilimia 60 ya watu watano ni watu watatu tu, na ni uaminifu kuandika «watu watatu kati ya watano». La pili ni wastani unaopotosha. Tuseme kaya tano zinatumia dakika 10, 12, 15, 18 na 95 kwenda kuchota maji. Wastani ni dakika 30, lakini hakuna hata kaya moja kati ya hizo inayotumia muda unaokaribia dakika 30. Kaya nne ziko chini ya dakika 20, na moja iko katika hali ngumu sana. Namba ya katikati, yaani 15, inaieleza hali ya walio wengi vizuri zaidi, na ile kaya ya dakika 95 inastahili aya yake yenyewe, kwa kuwa pengine ndiyo habari yote. Mwanafunzi akilielewa jambo hili kwa data aliyoikusanya kwa mkono wake, hatalisahau.

Anahitaji kibali gani kabla ya kwenda uwandani?

Kwa kazi ndogo ya mtaani, barua ya utambulisho ya mkuu wa shule yenye muhuri, ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kabla mwanafunzi hajaanza kuzunguka na daftari. Hatua hii isirukwe hata pale ambapo mwenyekiti wa mtaa ni mjomba wake. Sokoni apite kwa uongozi wa soko, na shuleni apite kwa mkuu wa shule husika. Akikusudia kugusa wagonjwa, kumbukumbu za hospitali au majaribio yanayohusu miili ya watu, msimamizi amwelekeze kwenye swali jingine, kwa kuwa vibali vya kazi hizo vina taratibu zilizo juu ya uwezo wa shule.

Kibali cha ofisi hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu. Kila anayehojiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa mwanafunzi ni nani, anataka kujua nini, majibu yataandikwa wapi, na kwamba ana hiari ya kukataa au kunyamaza katika swali lolote. Anayehojiwa akiwa na umri chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi au mlezi ni ya lazima. Majina yasiandikwe katika makala isipokuwa mwenyewe ameridhia, na picha zisipigwe bila kuuliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vyema mwanafunzi ajue mapema kwamba namba ya simu aliyopewa na mhojiwa ni amana.

Makala iwe na urefu gani?

Wanafunzi wa International Baccalaureate, mfumo unaofuatwa na shule kadhaa za Afrika Mashariki, huandika insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Katika somo la AP Research la Marekani makala huwa na maneno 4,000 hadi 5,000. Kwa shule ya kawaida yenye wasimamizi wachache na wanafunzi wengi, napendekeza maneno 2,500 hadi 3,000, kwa sababu mwalimu lazima aweze kuisoma rasimu ya kila mwanafunzi zaidi ya mara moja.

Sehemu zake zinajulikana: ikisiri (muhtasari mfupi wa makala yote), utangulizi wenye swali, mapitio ya machapisho, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho na marejeo. Nitasisitiza moja tu. Sehemu ya mbinu huandikwa kwa haraka na kwa maneno yaliyokaririwa, ilhali ndiyo inayompa msomaji nafasi ya kuamini au kutoamini yaliyobaki. Mwanafunzi aandike alichofanya kweli: alikwenda sokoni siku gani, saa ngapi, alizungumza na nani, wangapi walikataa. Idadi ya waliokataa ni data.

Iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Masomo karibu yote ya kidato cha tano na cha sita Tanzania, isipokuwa Kiswahili, hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo shule nyingi hutaka makala iandikwe kwa Kiingereza. Nakubaliana na utaratibu huo pale ambapo mwanafunzi anajiandaa kwa chuo kikuu. Hata hivyo data huja kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kihaya au Kimakonde, na hapo kuna hatari ambayo wasimamizi wengi hawaioni. Muuza mboga akisema «hiki kifuko nakipata kwa mali kauli», mwanafunzi akiandika kwa Kiingereza kwamba anauziwa kwa bei nafuu, amekwisha kubadilisha ushahidi: mali kauli ni kuchukua bidhaa kwanza na kulipa baada ya kuuza, na pengine deni ndilo linalomfunga yule mama kwa msambazaji, wala si bei. Fununu ya mwanafunzi ya kwamba sababu ni bei ingethibitishwa na tafsiri yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo nawataka wanafunzi wahifadhi maneno ya wahojiwa katika lugha yaliyotamkwa, wayaweke hivyo katika makala au kiambatisho, kisha watoe tafsiri kando. Nawataka pia waandike ikisiri ya pili kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kueleza sampuli, nadharia tete na hitimisho lake kwa Kiswahili chepesi ameelewa anachokisema, na mara nyingi nimegundua pengo la uelewa katika ikisiri hiyo ambalo aya za Kiingereza kizuri zilikuwa zimelificha.

Uwasilishaji hadharani, kama wazazi na majirani wamealikwa, uwe kwa Kiswahili. Haifai kumwita mzazi aliyesafiri tangu alfajiri kisha kumwekea mbele mtoto wake akizungumza lugha asiyoielewa.

Msimamizi arekebishe rasimu kwa kiasi gani?

Arekebishe kidogo, na aulize sana. Kalamu nyekundu inayoandika upya sentensi za mwanafunzi huzaa makala nzuri na mwandishi asiyejua imekuwaje nzuri, na siku ya uwasilishaji jambo hilo huonekana ukumbi mzima. Mimi huandika pembeni maswali matatu au manne kwa kila rasimu: «Umejuaje hili?» «Nani alisema?» «Aya hii inajibu swali lako kwa namna gani?» Makosa ya sarufi nayarekebisha katika aya moja tu, kisha namwachia aende akayatafute yaliyofanana na hayo katika kurasa zilizobaki.

Vikao vitatu rasmi vinatosha, kimoja cha pendekezo, kimoja baada ya uwandani na kimoja cha rasimu kamili, mradi kila kimoja kiwe na maandishi mezani. Kikao kisicho na ukurasa hata mmoja ulioandikwa huwa mazungumzo tu.

Tufanye nini kuhusu kunakili, na sasa kuhusu akili mnemba?

Wanafunzi wengi wanaonakili hawajui kwamba wanaiba. Tangu darasa la tatu wamekuwa wakisifiwa kwa kunakili vizuri kutoka ubaoni, na hakuna aliyewaonyesha mpaka uko wapi. Kwa hiyo ninaanza kwa kukaa na darasa zima, tukachukua aya moja kutoka katika kitabu, kila mmoja akaisoma, akakifunga kitabu, akasubiri dakika tano, akaandika kwa maneno yake kile alichokielewa, kisha akataja mwandishi na mwaka. Zoezi hilo lirudiwe mara nne au tano kabla ya mapitio ya machapisho kuanza. Mtindo wa marejeo uwe mmoja kwa shule nzima, na ule wa APA, unaotaja mwandishi na mwaka, unatosha.

Programu za akili mnemba zinazoandika insha ziko mikononi mwa wanafunzi wanapokuwa likizo, hata kama simu haziruhusiwi bwenini, na ni bora tulizungumze jambo hilo waziwazi. Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba programu hizo zinaweza kutunga marejeo: jina la mwandishi linaonekana la kweli, jarida linaonekana la kweli, na makala yenyewe haipo. Kanuni yangu ni kwamba kila rejeo lililo mwishoni mwa makala mwanafunzi awe tayari kulileta, limechapwa au limo katika flashi, na kunionyesha ukurasa. Asiyeweza, alifute pamoja na sentensi iliyolitegemea. Kinga nyingine ni daftari la uwandani lililoandikwa kwa mkono, lenye tarehe na vumbi la sokoni, ambalo hupewa alama zake.

Matokeo yamekuja kinyume na alivyotarajia. Je, kazi imeharibika?

Haikuharibika, na msimamizi alitamke jambo hilo mapema na kwa sauti, kwa kuwa mwanafunzi anayeamini kwamba atapata alama ndogo kwa matokeo «mabaya» atashawishika kuyabadilisha. Nirudi kwa Mpemba. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walichapisha vipimo vyao vya kupoza maji wakaeleza kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa maji ya moto kuwahi kupoa, na wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa tofauti ndogo tu ya kina kunaweza kubadilisha hitimisho. Wengine wameendelea kulichunguza. Heshima ya Mpemba haikupungua hata kidogo: aliuliza swali zuri, akaeleza alichokifanya kwa uwazi, na ndiyo maana zaidi ya miaka hamsini baadaye mtu mwingine aliweza kulijaribu.

Mwanafunzi aandike alichotarajia, alichokipata, na anachofikiri kimeleta tofauti, iwe ni kasoro ya dodoso, uchache wa sampuli au ukweli kwamba dunia haiko kama alivyodhani.

Wafanye kwa vikundi au mmoja mmoja?

Wawili wawili panapokuwa na upungufu wa wasimamizi. Zaidi ya watatu, mmoja ataibeba kazi na wengine watabeba jina.

Uwasilishaji uchukue muda gani, na mwanafunzi ajiandaeje?

Dakika 12 za kuzungumza na dakika 8 za maswali. Wengi hukosea kwa kutaka kuisoma makala yote kwa haraka. Uwasilishaji ni kazi nyingine kabisa: hadhira haiwezi kurudi ukurasa wa nyuma, kwa hiyo mwanafunzi achague jambo moja alilolipata, alieleze jinsi alivyolipata, na aseme linamaanisha nini kwa watu waliomo ukumbini. Mapitio ya machapisho yapewe dakika moja. Yule mwanafunzi wa soko alianza kwa kuinua vifuko vitatu tofauti mkononi na kuuliza ukumbi ni kipi kinaruhusiwa, na watu walipokosea, alikuwa ameshawapata.

Kuna jambo la utaratibu wetu linalohitaji kupangwa. Mwanafunzi akiachiwa salamu za mgeni rasmi, mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu na wazazi, dakika tatu zitakuwa zimekwisha kabla hajataja mada. Mshereheshaji azimalize salamu zote mwanzoni mwa shughuli, na kila mwanafunzi aseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, kisha aanze.

Mazoezi yawe matatu. La kwanza mbele ya mwenzake mmoja mwenye saa. La pili mbele ya mtu asiyesoma somo lake, na hapa mlezi wa bweni au mpishi wa shule ni msaada mkubwa, kwa kuwa asipoelewa atasema. La tatu ndani ya ukumbi wenyewe, mwalimu akiwa ameketi kiti cha mwisho nyuma.

Hatuna projekta, na umeme hukatika.

Karatasi nne za manila na kalamu nene zinatosha, na nimeona mawasilisho ya manila yaliyokuwa bora kuliko slaidi zilizojaa maandishi. Kila karatasi iwe na kitu kimoja: swali, ramani ya mahali, grafu, matokeo. Mwanafunzi aibandike ukutani, aende nyuma kabisa ya ukumbi, na kile asichoweza kukisoma kutoka pale akiandike upya. Hata palipo na projekta, manila ziwe tayari.

Mwanafunzi wangu anatetemeka mbele za watu. Nimwachie asiwasilishe?

Usimwachie, lakini usimtupe jukwaani bila ngazi. Awasilishe kwanza kwa watu watatu, kisha kwa darasa, kisha ukumbini. Aikariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu, yaliyo katikati ayaseme kwa kuitazama grafu yake. Mwenye kigugumizi aongezewe muda bila kutangazwa. Hofu hupungua sana mtu anapozungumzia jambo alilolifanya mwenyewe kwa miguu yake. Hofu kubwa niliyopata kuiona ilikuwa ya mwanafunzi ambaye sehemu ya makala yake iliandikwa na kaka yake.

Ajibuje maswali ya hadhira na ya jopo?

Asikilize hadi mwisho, alirudie swali kwa kifupi ili wote wasikie, ajibu kwa data aliyo nayo. Kwa lile asilolijua, kuna jibu moja la heshima ambalo ninawafundisha wote kulitamka bila aibu: «Hilo sikulipima.» Jopo lijue hivyo pia, na limpe alama kwa uaminifu huo.

Hali ngumu zaidi ni pale mzee aliyehojiwa anaposimama na kusema kwamba mwanafunzi hakumwelewa. Haifai kubishana naye, na haifai vilevile kukubali kila kitu kwa sababu ya umri wake. Mwanafunzi amshukuru, amwombe aeleze, aandike papo hapo mbele ya wote, na aseme kwamba atalinganisha na kumbukumbu zake za uwandani: «Nakushukuru babu kwa kunisahihisha, nitarudi kwako na daftari langu.» Kisha arudi kweli.

Baada ya uwasilishaji, makala inakwenda wapi?

Mwanafunzi apewe majuma mawili ya kurekebisha kwa kuzingatia maswali aliyoulizwa. Nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, ikiwa na jina lake na mwaka, ili wa kidato cha tano wanaofuata waisome na kuitaja katika marejeo yao. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili upelekwe kwa mtendaji aliyetoa ruhusa, na mwingine kwa watu waliohojiwa. Kwa wale wasiosoma, mwanafunzi aende akawaeleze kwa mdomo. Yule wa soko alikwenda siku ya Jumamosi asubuhi, akazunguka meza kwa meza kabla wateja hawajawa wengi.